Maradhi Si Toba: Msamaha wa Tamthilia na Haki ya Aliyedhulumiwa

Shukrani zote zinamstahiki Allah (s.w.), Muumba wa mauti na uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu katika imani, katika toleo hili tumeona tulizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni fundisho la msamaha linaloingia majumbani mwetu kila jioni kupitia runinga. Hatuzungumzii hapa mavazi ya waigizaji wala muziki wao, kwani hayo yamekwisha kuandikwa sana. Tunazungumzia itikadi. Ipo itikadi inayofundishwa kwa machozi, bila kitabu wala mwalimu, nayo inasema hivi: mtu akiwa anakufa, hesabu zote zimefutika.

Tamthilia yenyewe

Anayekemea jambo asilolijua husema ovyo. Kwa hiyo tumechagua tamthilia moja mashuhuri, nayo ni The Bold and the Beautiful ya Marekani. Iliasisiwa na mume na mke, William J. Bell na Lee Phillip Bell, ikaanza kurushwa na kituo cha CBS tarehe 23 Machi 1987. Ni ya nusu saa, siku tano kwa wiki, na imeendelea kwa zaidi ya miaka 35. Inahusu koo mbili za Los Angeles: Forrester, wenye kampuni ya mitindo ya mavazi, na Logan. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitambua kuwa tamthilia ya mchana yenye watazamaji wengi kuliko zote duniani, milioni 24.5 kwa hesabu ya mwaka 2008. Huku kwetu, Kenya iliionyesha, na wengi waliokuwa na televisheni katika miaka ya 1990 wanayakumbuka majina ya watu wake kuliko wanavyoyakumbuka majina ya maswahaba.

Baada yake zimekuja nyingine nyingi: za Mexico, za Ufilipino, za India, za Uturuki, na sasa za kwetu wenyewe. Lugha zimebadilika na nguo zimebadilika, lakini kisa ni kile kile. Tumeichagua hii kwa kuwa ndani yake mambo matatu yamefungwa katika fundo moja: uzinifu, maradhi ya kufisha na msamaha wa familia. Hebu tutazame yaliyotokea humo kwa mpangilio wa miaka.

Mwaka 2002, Brooke Logan anazini na Deacon Sharpe, mume wa Bridget. Bridget ni nani? Ni binti wa kumzaa wa huyo huyo Brooke. Mama anamzalia mkwewe mtoto wa kike.

Mwaka 2008, Katie, mdogo wake Brooke, anapigwa risasi, moyo unaharibika na inaonekana hana siku nyingi. Naye anampenda Nick Marone, mwenzi wa Bridget. Kwa hoja kwamba anakufa, na kwamba maskini huyu asiondoke duniani bila kuonja mapenzi, wawili hao wanazini. Kisha Storm, kaka yake Katie, anajiua ili moyo wake apandikizwe dada yake. Katie anapona, na baadaye inadhihirika kuwa ana mimba. Hivyo Bridget ameibiwa mara mbili: mara ya kwanza na mama yake mzazi, mara ya pili na mama yake mdogo.

Mwaka 2012, Stephanie Forrester, ambaye miaka mingi nyuma Brooke aliolewa na mumewe, anarudiwa na saratani ya mapafu. Adui hao wawili wa miaka 25 wanapatana. Mwezi Novemba mwaka huo Stephanie anakata roho mikononi mwa Brooke, na watazamaji wa nchi nyingi wanalia.

Na mwaka 2013? Brooke huyo huyo, ambaye machozi yake yalisemwa kuwa yamemtakasa, anazini na Bill Spencer, mume wa Katie mdogo wake, na kushika mimba iliyoharibika. Baina ya kitanda cha mauti na uzinifu mpya haukupita hata mwaka mmoja.

Ndugu Waislamu, hayo hatukuyatunga sisi. Ndiyo waliyoyaandika wao. Sasa tuyapime.

Kwanza: Kukaribia kufa hakuhalalishi haramu

Tamthilia inamwonyesha Katie kama mwenye udhuru. Tunauliza: udhuru gani? Wanazuoni wa fiqhi wamezungumzia dharura kwa marefu na mapana. Mwenye kufa kwa njaa anaruhusiwa nyamafu kwa kiasi cha kuokoa roho yake. Hakuna hata imamu mmoja aliyesema kwamba mwenye kufa anaruhusiwa mume wa mtu. Qur'ani, katika Suratul Israa aya ya 32, haikukataza zinaa peke yake, bali imekataza hata kuikaribia, na wala haikuwatoa wagonjwa katika katazo hilo.

Tulinganishe na mgonjwa mwingine. Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua sana Makka wakati wa Hija ya kuaga, akaona mauti yamemfikia. Mtume (s.a.w.) alikwenda kumzuru. Je, Sa'd aliomba nini katika saa ile aliyoidhani kuwa ya mwisho? Aliuliza atoe sadaka kiasi gani katika mali yake. Akataja theluthi mbili, akakatazwa. Akataja nusu, akakatazwa. Akaruhusiwa theluthi moja, na akaambiwa kwamba hata hiyo ni nyingi, kwa kuwa kuwaacha warithi na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Kisha Sa'd akapona, akaishi miaka mingi, na ndiye aliyeliongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya.

Zingatieni jambo hili. Wagonjwa wote wawili walidhani wanakufa, na wote wawili wakapona. Mmoja aliamka na hesabu safi, mwingine akaamka na mimba ya mwenzi wa mtoto wa dada yake. Kwa sababu hiyo sheria yetu haimpi mgonjwa uhuru wa kufanya atakalo, bali inamwekea mipaka: hausii zaidi ya theluthi, wala hamuusii mrithi juu ya fungu lake. Uislamu umejua tangu zamani kwamba mtu anayeona anaondoka anaweza kuwadhulumu wanaobaki.

Ama Storm aliyejiua ili atoe moyo, tamthilia inamwita shujaa. Sisi tunasema nafsi si mali ya mwenye nayo hata aigawe apendavyo. Suratun Nisaa aya ya 29 imetukataza kujiua, na mapenzi ya ndugu hayabadilishi hukumu hiyo. Kijana mwenye dhiki aliyekaa mbele ya runinga asifundishwe kwamba kujitoa roho ni zawadi.

Pili: Machozi si toba

Wanazuoni wetu, na miongoni mwao Imamu Nawawi katika Riyadhus Swalihina, wameitaja toba kwa masharti yake: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa dhambi imegusa haki ya mja, sharti la nne ni kumrudishia haki yake au kutaka radhi yake. Katika masharti hayo machozi hayamo. Mtu anaweza kulia bila kutubu, na anaweza kutubu bila chozi kuonekana.

Kwa nini basi Brooke hakutubu? Jibu ni jepesi, nalo liko sokoni. Tamthilia za aina hii zilipoanza katika redio za Marekani katika miaka ya 1930, zilidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni waliotaka kuwafikia wanawake majumbani, na mpaka leo kwa Kiingereza zinaitwa kwa jina la sabuni. Kisa kinachouza bidhaa siku tano kwa wiki hakiruhusiwi kwisha. Na hakuna kitu kinachomaliza kisa cha uzinifu kama toba ya kweli. Siku Brooke atakapotubu, akajisitiri, akatulia na mume mmoja, siku hiyo mwandishi hana la kuandika na mwenye sabuni hana wa kumuuzia. Kwa hiyo katika biashara hii toba ni hasara. Msamaha unaruhusiwa, tena unapambwa, kwa sababu msamaha usio na toba humrudisha mzinifu uwanjani akiwa na nguvu mpya.

Hatufungi mlango ambao Allah (s.w.) ameuacha wazi. Mgonjwa ana nafasi ya kutubu maadamu roho haijafika kooni, hata kama amebakiwa na siku moja, na Mola wake hamrudishi. Lakini Suratun Nisaa aya ya 18 imemtahadharisha anayeendelea na maovu mpaka mauti yamhudhurie ndipo aseme sasa ametubu, na Firauni ni mfano wake. Mwenye kupanga kutubu mgonjwa amejuaje kwamba atapewa ugonjwa? Wangapi wamechukuliwa barabarani, wakiwa na simu ya hawara mfukoni?

Tatu: Msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Katika tamthilia, anayeombwa kusamehe huzungukwa na watu wote. Muziki unamwomba, watoto wanamwomba, daktari anamwangalia. Akikataa, yeye ndiye anayekuwa mwovu wa kisa, na mzinifu anageuka kuwa mwenye kuonewa. Mtazamaji anafundishwa kumchukia Bridget kwa kuwa hajasamehe upesi!

Mtume wetu (s.a.w.) hakufanya hivyo. Barira (r.a.) alipopewa uhuru wake alipata haki ya kuchagua kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye, naye akachagua kuachana naye. Mughith alimpenda mno, akawa anamfuata katika njia za Madina akilia hadi machozi yakilowesha ndevu zake. Mtume (s.a.w.) alimwonea huruma, akazungumza na Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, ni uombezi tu. Akasema basi hana haja naye, na jambo likaishia hapo. Kisa chao hakikuwa cha uzinifu, lakini kanuni yake inatutosha: ikiwa uombezi wa Mtume wa Allah haukuwa shuruti kwa mwanamke, uombezi wa mjomba na wa mwenyekiti wa ukoo umekuwaje shuruti?

Na anayetaka kuona msamaha wa familia katika sura yake kamili, asome habari ya Abubakar (r.a.) na Mistah. Mistah alikuwa jamaa yake na alikuwa akilishwa naye. Aliposhiriki katika kumsingizia Bibi Aisha (r.a.), Abubakar aliapa kutomsaidia tena. Ikateremka aya ya 22 ya Suratun Nur kuwahimiza wenye fadhila na wasaa wasamehe, kwa kuwa nao wanapenda Allah awasamehe. Abubakar akairudisha posho ya Mistah. Lakini tusisahau nusu nyingine ya habari. Usafi wa Bibi Aisha ulitangazwa kwanza, na kwa mujibu wa riwaya waliosingizia waliadhibiwa. Haki ilisimama, ndipo ihsani ikafuata. Tamthilia imeichukua ihsani na kuiacha haki, na ihsani isiyo na haki nyuma yake ni dhuluma iliyovishwa kanzu.

Nne: Yaliyomo majumbani mwetu

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Los Angeles. Laiti yangekuwa hivyo! Ni mara ngapi tumeyaona haya mitaani mwetu? Mume anahamia kwenye nyumba ndogo. Mke anabaki na watoto miaka mitano, miaka kumi, hana matumizi, hana talaka, hana mume. Anauza maandazi, anasomesha. Siku moja gari linasimama mlangoni. Mume amerudishwa amebebwa, figo zimeshindwa au saratani imeenea, na yule wa nyumba ndogo hataki kuuguza. Usiku huo huo wazee wanakaa barazani. Mke anaitwa. Anaambiwa: “Mama, msamehe mumeo, huyu ni mtu wa kufa.” Hakuna anayemgeukia mume na kumwambia: “Bwana, mtake radhi mkeo, wewe ni mtu wa kufa.”

Je, hiyo ni Sunna, au ni runinga?

Mwanamke yule akinyamaza, anaambiwa ana moyo mgumu. Akisema amesamehe ilhali moyo haujasamehe, wazee wanashukuru, wanakunywa chai na kuondoka wakidhani wamesuluhisha. Hawakusuluhisha kitu. Wamemfundisha mgonjwa kwamba yuko salama, naye hayuko salama. Huu si wema kwake, huu ni udanganyifu juu ya kaburi lake. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mtu aliyefilisika kweli kweli: anakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, alikula mali ya huyu na kumpiga huyu, basi wanagawiwa mema yake mpaka yanakwisha, kisha anabebeshwa makosa yao. Kwa mgonjwa wetu, ni nani atakayekuwa wa kwanza katika safu ya wadai?

Wengine hutoa hoja kwamba maradhi hufuta dhambi. Ni kweli, hadithi sahihi zinatufundisha kwamba hata mwiba unaomchoma Muislamu humfutia makosa. Lakini wanazuoni wamebainisha kuwa haki za waja haziondoki kwa homa. Saratani haimlipi mke matumizi ya miaka kumi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, matumizi ya mke yasiyotolewa ni deni shingoni mwa mume.

Kwa hiyo tunawausia wazee, maimamu na familia zetu mambo yafuatayo.

La kwanza, mgonjwa auguzwe. Aoshwe, alishwe, azuriwe, aombewe dua, hata kama alikuwa mzinifu. Kumnyima maji si katika haki ya yeyote. Lakini mzigo wa kuuguza ugawanywe kwa ndugu zake, usitupwe wote juu ya mgongo wa mke aliyemtelekeza. Na ikiwa maradhi ni ya kuambukiza, mke aelezwe ukweli kabla ya jambo lolote, kwani kumficha ni kumdhuru.

La pili, anayesuluhisha aanze na mkosaji. Amwambie kwa upole, faraghani, bila kumfedhehi: nani una haki zake? Mahari ililipwa yote? Matumizi je? Deni liandikwe na mashahidi wawepo, lilipwe kabla ya mirathi kugawanywa.

La tatu, mkosaji aombe radhi mwenyewe kwa ulimi wake. Wala hapana haja ya kusimulia uchafu wake mbele ya watoto na majirani kama wanavyofanya katika runinga, kwani kutangaza dhambi ambayo Allah ameisitiri ni dhambi nyingine.

La nne, aliyedhulumiwa aachwe na hiari yake. Ahimizwe kusamehe, akumbushwe malipo makubwa yaliyo kwa Allah, lakini asitishwe, asitukanwe, wala asihukumiwe. Na aelezwe kwamba kusamehe ni jambo moja, na kurejea katika unyumba ni jambo jingine.

Wanaosema “ni mchezo tu”

Watasema wapo kwamba sisi tunakuza mambo, na kwamba tamthilia ni mchezo tu. Mchezo gani unaoliza watu wazima? Mchezo gani ambao mama anachelewesha swala ya Isha ili aujue mwisho wake, ilhali hauna mwisho? Watasema pia kwamba inafundisha kusamehe, na kusamehe ni jambo jema. Tunajibu kwamba jema hilo tumefundishwa na mwalimu bora zaidi, aliyetufundisha pamoja nalo kuacha, kurudisha na kujisitiri. Anayemfundisha mwanawe nusu ya udhu hajamfundisha udhu.

Lakini pia tuseme kweli: mimbari nyingi zimenyamaza. Khutba za ndoa zinamhimiza mke subira mwaka mzima, na hazimtaji mume anayelala nje. Penye ukimya wa mimbari, runinga huhubiri.

Kila jeneza linapowekwa mbele ya safu, mtu wa familia husimama na kuuliza nani anamdai marehemu. Ni mila njema, nayo ina asili, kwani Mtume (s.a.w.) alisita kumswalia mwenye deni mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile. Wanaume huinua mikono: huyu elfu hamsini, huyu gunia la saruji. Anayedai kuliko wote hayumo katika safu hizo. Yuko nyumbani, amevaa nguo za eda, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Basi tumuulize angali mume yu hai.

Tunamwomba Allah (s.w.) azilinde ndoa zetu na zinaa na yale yanayoikaribisha, awaponye wagonjwa wetu, awaruzuku waliokosa toba ya kweli kabla ya maradhi, na awape waliodhulumiwa haki zao na nyoyo pana za kusamehe. Amin.

Wabillahi tawfiq.